Laka ya nitroselulosi kwenye gitaa la umeme: tathmini ya mpako unaozeeka

Mnunuzi anayesoma maelezo ya gitaa la umeme kabla ya kutoa fedha zake atakuta, chini ya jina la mti na aina ya pikapu (kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi), mstari mmoja mfupi unaotaja mpako wa nje. Ukisema poliesta au poliyurethani, yaani mipako ya plastiki, wengi huupita bila kusimama. Ukisema laka ya nitroselulosi, bei huwa imepanda, na maneno ya muuzaji nayo huwa yamepanda: mti utapumua, sauti itafunguka, na mpako utazeeka pamoja na mpigaji. Nimelipiga gitaa lenye laka ya aina hiyo kwa miaka kadhaa katika kumbi za Dar es Salaam, nikiwa na jingine la poliesta kwa ajili ya safari, na hapa ninaitathmini laka yenyewe kama bidhaa inayolipiwa, nikiacha kando pikapu, nyuzi na umbo. Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Dai la sauti halina msingi, dai la uzuri wa uzee ni la kweli kwa masharti, na sababu nzuri kuliko zote ya kuinunua laka hii ni ile ambayo matangazo hayaitaji kabisa, yaani kwamba inarekebishika.

Laka hii haikubuniwa kwa ajili ya ala za muziki. Nitroselulosi hupatikana kwa kuchovya pamba au nyuzinyuzi za mti ndani ya mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya sulfuriki; mkemia Christian Schönbein aliigundua mwaka 1846 akiwa Basel, Uswisi, na sifa iliyowashtua watu wakati huo ilikuwa kulipuka. Ikiwa na nitrojeni nyingi, kufikia asilimia 13 hivi, ni baruti. Ikiwa na asilimia 11 hadi 12, huyeyuka vizuri na hufaa kwa kupaka. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilianzisha laka iliyoiita Duco, na General Motors wakaitumia kwenye magari yao ya Oakland. Kabla ya hapo, kulipaka gari kwa rangi za mafuta na vanishi ilikuwa kazi ya wiki kadhaa, ilhali Duco ilikauka kwa saa. Viwanda vya samani na vya ala vikaifuata kwa sababu hiyo hiyo. Watengenezaji wa magitaa Gibson, waliokuwa Kalamazoo, Michigan, waliichukua katika miaka ya 1920, na Leo Fender alipoanza kuuza magitaa yake ya umeme huko Fullerton, California, mwanzoni mwa miaka ya 1950, laka ndiyo iliyokuwa kitu cha kawaida cha kupuliza juu ya mti. Hakuna aliyeichagua kwa kuisikiliza. Waliichagua kwa sababu ilikuwa ya haraka, iling'arishika kirahisi, na rangi zake zilipatikana tayari zikiwa zimechanganywa kwa ajili ya magari. Ndiyo maana rangi maarufu za Fender za wakati ule zimetoka moja kwa moja katika vitabu vya rangi za magari.

Tabia zote za uzeeni zinatokana na namna laka hii inavyokauka. Poliesta na poliyurethani hukauka kwa mmenyuko wa kikemia: molekuli hufungamana zikawa wavu mmoja, na baada ya hapo hakuna thina (kiyeyusho cha rangi) ya kawaida itakayoufungua wavu huo. Laka ya nitroselulosi haifungamani. Thina inaruka hewani, kilichokuwa kimeyeyushwa ndani yake kinabaki juu ya mti kama utando mwembamba, na thina ikirudishwa utando huo unayeyuka tena, hata kama umepita umri wa mtu mzima. Ili utando usiwe mkavu wa kukatika, watengenezaji huchanganya vilainishi, ambavyo zamani vilikuwa pamoja na kafuri na mafuta ya nyonyo, na vilainishi hivyo havikai milele. Hutoka polepole, utando hupungua ujazo, huzama katika vinyweleo vya mti, na mwishowe huwa mgumu na mwepesi kuvunjika. Katika gitaa la mahogani, mti ulio jamaa wa mkangazi wetu na wenye vinyweleo vilivyo wazi kama vyake, dalili ya kwanza huonekana mapema sana: mgongo uliotoka kiwandani ukiwa umesawazika kabisa huanza kuonyesha mistari ya mti unapouinamisha kwenye mwanga. Wapo wanunuzi wanaoandika malalamiko kwa sababu ya mistari hiyo, wakidhani wameuziwa kazi ya kulipua. Ni tabia ya laka, na anayetaka uso usiobadilika kamwe amenunua mpako usiomfaa.

Sehemu yenye mengi ya kueleza katika uzee huu ni rangi. Miale ya urujuanimno ya jua, pamoja na joto, huivunja nitroselulosi kidogo kidogo, gesi za oksidi za nitrojeni hutoka, na utando uliokuwa mwangavu huingia umanjano, kisha rangi ya kaharabu. Juu ya mti mtupu mabadiliko haya hupendeza bila ubishi: shingo ya mti wa mepo (maple) iliyokuwa nyeupe hufikia rangi ya asali, na hakuna rangi ya kopo niliyoiona ikiifikia vilivyo. Juu ya rangi nyingine matokeo hayatabiriki kirahisi. Gitaa la Fender la miaka ya 1960 lililotoka likiwa jeupe, katika rangi iliyoitwa Olympic White, leo mara nyingi lina rangi ya malai. Lile lililopakwa Lake Placid Blue, bluu ya gari yenye chembechembe za metali, limekuwa la kijani kibichi au kijani cha bahari, ingawa bluu yenyewe haikubadilika sana. Tabaka la bluu lilikuwa la akriliki, aina nyingine ya laka, juu yake ikapulizwa laka angavu ya nitroselulosi, na laka hiyo ilipogeuka manjano macho yetu yakajumlisha manjano na bluu. Ukikifungua kibao cha kinga kilichofungwa kwa skrubu juu ya mwili wa gitaa hilo, chini yake utakuta bluu ya siku ya kwanza, kwa sababu pale jua halikufika. Sonic Blue, ambayo ni bluu hafifu, huelekea kijani kilichopauka, na kwa kuwa Fender walikuwa pia na rangi za kijani halisi kama Surf Green, wauzaji wawili wanaweza kuligombania jina la rangi ya gitaa moja huku kila mmoja akiapa.

Jambo hili lina upande mwingine ambao wanunuzi wachache huuzingatia. Kiwanda hakikupuliza laka angavu juu ya kila gitaa la rangi. Mengine yaliachwa na tabaka la rangi peke yake. Kwa hiyo magitaa mawili ya mwaka mmoja na rangi moja yanaweza leo kuwa na sura mbili, moja likiwa limegeuka kijani na la pili likiwa bado bluu, na yote mawili yakawa halali. Anayemhukumu muuzaji kwa picha ya gitaa jingine alilowahi kuliona anaweza kumdhulumu.

Kufifia ni suala jingine, ingawa huchanganywa na kugeuka manjano. Mfano wake mkuu ni Les Paul Standard za Gibson za kati ya 1958 na 1960, zile zenye uso wa mepo uliopakwa manjano katikati na wekundu wa cheri pembezoni. Wekundu ule ulitokana na rangi ya kikemia iitwayo anilini, iliyoshindwa na mwanga. Magitaa yaliyokaa kwenye madirisha ya maduka yalipoteza wekundu wote, yakabaki ya rangi ya limau au ya chai. Yaliyolala ndani ya makasha yalibaki mekundu. Na yapo yaliyofifia upande mmoja tu. Mwaka 1960 Gibson walibadili rangi hiyo wakaweka nyekundu isiyofifia kirahisi, na kwa kejeli ya soko, ile iliyoshindwa ndiyo inayotafutwa leo kwa fedha nyingi, kwa kuwa hakuna gitaa moja linalofanana na jingine. Les Paul za dhahabu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1952, zina ugonjwa wao: dhahabu ile ni unga wa aloi ya shaba uliochanganywa ndani ya laka, na pale mkono unapoila laka angavu ya juu, jasho huikuta shaba na kuifanya iwe ya kijani. Ukiona gitaa la dhahabu lenye doa la kijani pale pa kuegemeza kiwiko, basi umeiona kutu ya shaba.

Kuhusu nyufa, nadhani ndizo zinazowavutia watu wengi kupita kiasi. Mti hupanuka na kusinyaa kufuatana na unyevu na joto. Utando wa laka ukishazeeka haufuati tena, na baridi ya ghafla huukatiza kwa mistari myembamba ambayo mara nyingi hukatisha mti kwa upana. Gitaa lililotolewa kwenye gari usiku wa majira ya baridi huko Chicago na kufunguliwa papo hapo ndani ya ukumbi wenye moto linaweza kupasuka laka mbele ya macho ya mwenyewe. Mwili wa gitaa hauna tatizo lolote; ni laka tu iliyokatika. Kwenye pwani yetu, ambako usiku na mchana havitofautiani sana kwa joto, nyufa hizi huja taratibu, na hatari kubwa iko safarini: gitaa likitoka kwenye tumbo la ndege, lifikishwe nyumbani na kuachwa ndani ya kasha lililofungwa kwa saa kadhaa, hata kama wadogo wa nyumbani wanakusihi ulifungue.

Kuchakaa kwa kuguswa ni kitu kingine, na mfano unaojulikana kuliko yote ni Stratocaster, gitaa la Fender, ya mwaka 1961 ya mpigaji Rory Gallagher wa Ireland, aliyoinunua katika duka moja la Cork mwaka 1963. Kufikia mwisho wa maisha yake rangi ilikuwa imebaki kwa vipande vipande tu, mti mtupu ukiwa umetawala mbele, na wapenzi wake hulihusisha jambo hilo na jasho lake lililokuwa kali. Mwaka 2024 gitaa hilo liliuzwa kwenye mnada wa Bonhams huko London kwa zaidi ya pauni 880,000 na kupelekwa katika Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha kiwango cha juu kabisa ambacho laka inaweza kupoteza huku ala ikiendelea kufanya kazi kila usiku.

Sasa nije kwetu, kwani tathmini nyingi za mpako huu zimeandikwa na watu wa nchi za baridi na zinahofia theluji. Hofu zetu ni nyingine. Joto na jasho huilainisha laka, hasa mpya, na shingo iliyopakwa laka inayong'aa inaweza kunata mkononi katikati ya onyesho la mwezi wa Januari, hali inayoudhi zaidi kwa mpiga solo kuliko kwa mpiga rizim kwa sababu mkono wake hauachi kutembea. Kuipangusa shingo kwa kitambaa kikavu cha pamba kila baada ya wimbo husaidia, na laka ikipata umri hupungua kunata. Dawa za kujipaka za kufukuzia mbu ni adui mkubwa zaidi: nyingi zina DEET, kemikali inayoyeyusha plastiki nyingi na laka, na mkono uliopakwa dawa hiyo jioni ukiegemea gitaa kwa seti moja ya nyimbo unaweza kuacha alama ya kudumu. Vitakasa mikono vyenye alkoholi, vilivyozoeleka tangu wakati wa UVIKO-19, navyo huilainisha. Osha mikono kwa sabuni, uikaushe, ndipo ushike gitaa.

Stendi zilizovikwa mpira au povu zinaleta madhara ya aina hiyo hiyo, na hapa mshtuko huwa mkubwa kwa kuwa gitaa halikuguswa na mtu. Vilainishi vilivyomo ndani ya mpira huhamia kwenye laka, laka huwa laini, hushikamana na mpira, na siku ukiliinua gitaa linaacha ngozi yake kwenye stendi. Mikanda ya plastiki inayoachwa imezungushwa juu ya mwili hufanya vivyo hivyo. Poliesta haijali lolote kati ya haya. Gitaa langu la laka limebeba alama ya stendi ya namna hiyo, upande wa chini, na tangu hapo stendi zote nyumbani zimevishwa vitambaa vya pamba.

Dai la sauti nitalipitia haraka. Gitaa la umeme husikika kwa sababu nyuzi za chuma hutikisika juu ya sumaku za pikapu, na kati ya nyuzi, pikapu, nyaya na amplifaya, utando wenye unene usiofika hata robo ya milimita hauna nafasi ya maana ya kusema. Anayedai kwamba laka huuacha mti upumue akumbuke kwanza kwamba kazi ya mpako wowote ni kuuziba mti, kisha akumbuke kwamba Fender wenyewe, katika miaka ya 1960, walipuliza chini ya laka tabaka gumu la kuzibia lililojulikana kama Fullerplast. Magitaa yanayosifiwa kwa kupumua yalikuwa yamefungwa pua tangu kiwandani. Kwa gitaa la kawaida lisilo la umeme, lenye ubao mwembamba unaotetemeka kutoa sauti, mjadala ni mwingine, na si wa hapa.

Poliesta inastahili kutendewa haki. Fender, walionunuliwa na kampuni ya utangazaji ya CBS mwaka 1965, waliihamia kuelekea mwisho wa miaka hiyo ya 1960 kwa sababu za kiwanda: hukauka haraka, huziba vinyweleo kwa tabaka chache, na haihitaji kusubiriwa. Magitaa yao ya miaka ya 1970 yana mpako mnene sana, na ninawaelewa wanaousema kuwa unafanana na plastiki iliyomiminwa, ila ukiyatazama leo, mengi bado yana rangi yaliyozaliwa nayo. Yana hata ushahidi wa kulinganisha uliojengwa ndani yake. Uso wa kichwa cha gitaa, pale jina la kampuni lilipobandikwa, uliendelea kupulizwa nitroselulosi kwa sababu nembo ile haikupatana na poliesta, na ndiyo maana katika magitaa mengi ya wakati huo kichwa kimegeuka kaharabu huku shingo ikibaki nyeupe. Mtu anayetaka kujua mipako hii miwili inavyozeeka katika mti mmoja, nyumba moja na mikono ile ile, atafute picha ya kichwa cha Stratocaster ya 1974 na kuilinganisha na shingo yake. Poliesta nayo huumia, ila huumia kwa kumeguka: pigo la ukingo wa meza hubandua kipande kizima, na mpaka wa kidonda hubaki mkali miaka yote.

Karibu magitaa yote ya bei nafuu yanayofika Afrika Mashariki, yakiwemo ya chapa za Squier na Epiphone ya kawaida, yana poliesta au poliyurethani, na kwa mpigaji wa bendi ya harusi anayelala Morogoro leo na kesho yuko Dodoma, huo ndio mpako ninaoupendekeza bila kusita. Gitaa la kazi linalopanda bodaboda halina haja ya ngozi inayoogopa dawa ya mbu.

Ipo pia njia ya mkato, yaani kununua uzee uliotengenezwa. Fender Custom Shop, karakana iliyoanzishwa mwaka 1987, ilianza kuuza magitaa yaliyochakazwa kwa makusudi mwaka 1995, ya kwanza yakiwa yamezeeshwa na fundi Vince Cunetto. Gibson nao walizindua Murphy Lab, kitengo cha kuzeesha magitaa, mwaka 2021, chini ya Tom Murphy, wakiwa na ngazi kuanzia uzee hafifu hadi mzito kupindukia, na bei hupanda kadiri gitaa linavyoharibiwa zaidi. Zamani nyufa zilichorwa kwa wembe, na jicho lililozoea hulitambua hilo kwa unyofu wake uliopita kiasi. Siku hizi hutumika baridi ya ghafla pamoja na laka iliyoundwa iwe kavu zaidi, na matokeo yake, lazima nikiri, ni kazi ya ustadi mkubwa. Shingo iliyokwishalainishwa hushikika vizuri tangu siku ya kwanza, na hiyo ni faida halisi. Zaidi ya hapo sioni sababu ya kulipia. Alama za kuchakaa zina maana kwa sababu zinakaa pale mpigaji alipogusa, na mikono miwili haigusi mahali pamoja. Gitaa la kiwandani lina alama za mpigaji wa wastani ambaye hayupo, na utaziongeza za kwako juu ya zake hadi zisomeke kwa shida. Anayetaka laka bila maigizo aangalie matoleo yasiyozeeshwa: Gibson wanaotengeneza Marekani bado hutumia nitroselulosi kwenye magitaa yao mengi, na mfululizo wa American Vintage II wa Fender, uliotoka mwaka 2022, unayo kwenye miundo ya miaka ya 1950 na 1960.

Kwa gitaa lililotumika, jambo la kwanza ni kujua kama laka iliyopo ni ile ya kiwandani, kwani gitaa la kale lililopakwa upya hupoteza karibu nusu ya thamani yake hata kama kazi ni nzuri. Chukua pamba ya masikio, ilowanishe kidogo kwa thina, na uiguse mahali pasipoonekana, kama vile chini ya kibao cha kinga, baada ya kuomba ruhusa ya mwenyewe. Laka italainika na kutia doa pamba, poliesta haitatikisika. Jaribio hili haliwezi kutenganisha nitroselulosi na akriliki, kwa hiyo liongezewe la pili, ambalo vifaa vyake viko karibu katika kila duka la kubadilishia fedha: taa ya urujuanimno ya kukagulia noti bandia. Gizani, chini ya taa hiyo, laka ya zamani hung'aa kwa umanjano wa kijani, na sehemu iliyopuliziwa upya huonekana kama kiraka cheusi au cha rangi nyingine. Tazama hasa kiungo cha shingo na mwili, na shingo inapokutana na kichwa, kwani hapo ndipo magitaa ya aina ya Les Paul huvunjika, na ndipo panapofichwa. Kagua pia vibao vya kinga na mapambo ya seluloidi, ambayo ni nitroselulosi ya namna nyingine: seluloidi inayooza hutoa gesi zenye asidi ndani ya kasha lililofungwa, ikala nikeli na dhahabu ya vyuma vilivyo jirani. Kasha likifunguliwa na harufu ikachoma pua, usilipie kabla ya kujua inatoka wapi.

Nilisema sababu bora ya kuinunua laka hii ni kwamba inarekebishika, na kwa mpigaji wa Dar es Salaam hoja hii ina uzito kuliko kwa mpigaji wa Nashville. Poliesta iliyomeguka inaweza kujazwa kwa gundi ngumu na kusuguliwa, lakini kiraka hakiungani na kilichopo, na mstari wa mpaka hubaki. Laka mpya ikidondoshwa juu ya laka ya zamani, thina iliyomo huiyeyusha ile ya zamani kingo zake, na zote mbili zinakauka zikiwa kitu kimoja. Na mafundi wa laka tunao. Vitanda na makabati ya Keko, mtaa wa mafundi samani jijini, hupulizwa laka ya nitroselulosi, na fundi rangi aliyezoea kuweka sila (tabaka la kuzibia mti), kupiga msasa na kupuliza ameishika bidhaa ya ukoo huo huo kila siku ya kazi yake. Fundi wa kupuliza poliesta ya magitaa sijamkuta popote jijini.

Tofauti zipo, na lazima azijue kabla hajaligusa gitaa. Laka ya samani kwa kawaida huwa ngumu na yenye vilainishi vichache, hivyo haifai kupulizwa juu ya mwili mzima. Kwa kidonda kidogo haina tatizo. Asipulize kabisa. Adondoshe laka kwa kijiti cha meno ndani ya kidonda, aache ikauke hadi kesho yake, aongeze tone jingine, na aendelee hivyo mpaka ijae na kuzidi kidogo, kwa sababu itasinyaa. Wiki mbili au tatu zipite kabla ya kusugua, hata kama inaonekana kavu siku ile ile. Kisha asawazishe kwa msasa wa maji namba 1000 hadi 2000 uliozungushiwa kipande kidogo cha mti ulionyooka, na amalizie kwa kung'arisha kwa krimu isiyo na silikoni, maana silikoni ikiingia kwenye laka, kila kitakachopakwa baadaye kitakataa kushika na kuacha vijishimo. Kazi hii isifanywe wakati wa masika mvua ikiwa inanyesha: thina inaporuka huupoza uso, unyevu wa hewa hujikusanya juu yake, na laka hukauka ikiwa na ukungu mweupe. Mafundi wa samani wanaujua ukungu huo na huutibu kwa thina inayoruka polepole, lakini kwa tone moja la laka ni rahisi zaidi kusubiri siku ya jua. Fundi aliyenitibia alama ya stendi alifuata utaratibu huu, akanitoza pungufu ya bei ya seti ya nyuzi, na akaniuliza kwa nini gitaa la bei ile limepakwa laka ya kabati.